Likizo Imekwisha na Kusoma Hakuendi: Dalili, Vyanzo na Marekebisho kwa Wanafunzi na Wazazi wa Moshi

Shule zinapofungwa mwanzoni mwa Juni, mwanafunzi wa Kidato cha Pili au cha Nne huwa amebakiwa na muhula mmoja tu kabla ya mitihani ya taifa ya Novemba, na likizo hiyo ndiyo nafasi yake kubwa ya mwisho ya kukaa na vitabu bila kengele ya mtu mwingine kumpangia saa. Kwa miaka mingi nimekuwa mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari hapa Moshi, na kila Julai wazazi huniletea lalamiko lile lile kwa maneno mawili: "Hasomi, mwalimu." Mgonjwa anayemwambia daktari kwamba anaumwa huulizwa anaumwa wapi, tangu lini, na maumivu yanazidi wakati gani. Mtoto "asiyesoma" naye anastahili kuulizwa hivyo, kwa sababu vyanzo ni vingi na tiba ya kimoja yaweza kukizidisha kingine.

Kwa hiyo, kabla ya kumpeleka tuisheni, kabla ya kumnyang'anya simu na kabla ya kumgombeza, mzazi ninamsihi atumie siku mbili tatu kumtazama tu: anaketi saa ngapi, anainuka saa ngapi, anashika daftari lipi, analiacha lipi, na akiulizwa alichosoma anajibu nini. Hayo atakayoyaona ndiyo dalili, na kila moja ina jaribio dogo la kubaini chanzo chake.

Anasoma saa nyingi lakini hakumbuki

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote, na ndiyo inayochelewa kugunduliwa, kwa kuwa mwenye nayo huonekana mtoto mwenye bidii.

Juni moja nilimtembelea mwanafunzi wangu wa Kidato cha Pili nyumbani kwa bibi yake, Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ilikuwa asubuhi ya ukungu na baridi, naye alikuwa ameketi barazani amejifunika blanketi, daftari la Biolojia likiwa mapajani. Kurasa za mada ya mzunguko wa damu zilikuwa zimepigiwa mistari ya kalamu nyekundu, kisha ya bluu, mpaka haikubaki sentensi isiyo na mstari. "Nimeisoma mada yote mara tatu, mwalimu," aliniambia. Nilimwomba afunge daftari, nikampa karatasi tupu, nikamwambia achore moyo na aonyeshe damu inapoingilia na inapotokea. Alichora umbo la moyo kama lile linalochapwa kwenye kadi za harusi, akaligawa kwa mstari mmoja wa wima, akaandika kushoto na kulia, kisha kalamu ikasimama. Vyumba vinne havikuwepo, wala mshipa hata mmoja. Bibi yake, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo, alimtazama akasema, "Baba, si ulisema umemaliza?"

Kijana yule hakuwa amemdanganya mtu. Alikuwa amesoma kweli, ila kila alipofungua ukurasa aliutambua, na kule kuutambua ndiko alikokuita kujua. Mtihani haumwonyeshi mtu ukurasa ili autambue. Mtihani humpa karatasi tupu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi za kusoma. Wengine waliisoma habari mara ya pili, na wengine waliiweka pembeni wakaandika walichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56 ya habari, na waliorudia kusoma asilimia 42. Matokeo yale ya dakika tano ndiyo yanayowaponza wanafunzi wetu, maana anayerudia kusoma usiku hulala akijiona ameiva, na hakuna anayemwamsha baada ya wiki kumwonyesha kilichobaki.

Marekebisho yake hayahitaji fedha. Mwanafunzi asome sehemu ndogo ya mada kwa dakika kumi na tano hadi ishirini, afunge daftari, na kwenye karatasi tupu aandike au achore kila anachokumbuka, bila kuchungulia hata akikwama. Akwame kwanza. Kule kuhangaika kukumbuka ndiko kunakojenga kumbukumbu. Kisha afungue daftari na kwa kalamu ya rangi nyingine ajaze alichosahau na kusahihisha alichokosea, na karatasi hiyo aitunze, kwa kuwa sehemu zenye rangi ya pili ndizo zitakazokuwa somo lake la kesho. Mwanafunzi wangu wa Kibosho alipofanya hivyo aligundua kosa ambalo mistari yake yote haikumwonyesha: upande wa kushoto wa moyo huchorwa kulia kwa anayeutazama mchoro, na yeye alikuwa amezigeuza pande zote mbili.

Mara moja haitoshi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alikuta kwamba baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya juhudi ya kujifunza ilikuwa imekwisha kupotea, na baada ya siku moja ilibaki kama theluthi. Jambo lenye maana halisahauliki upesi kiasi hicho, lakini mwelekeo wake ni huo huo, na dawa yake ni kulirudia baada ya muda unaozidi kurefuka: kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki, kisha wiki mbili. Likizo ya wiki nne inatosha kabisa kwa mzunguko huo, ila kwa mada chache. Mimi huwaambia wanafunzi wachague mada mbili katika kila somo linalowasumbua, waandike tarehe za kuzirudia kwenye kalenda ya ukutani, na waache tamaa ya kumaliza daftari zima. Anayefungua shule akiwa na mada sita anazoweza kuzieleza daftari likiwa limefungwa amepiga hatua kubwa kuliko aliyepitisha macho kwenye mada arobaini.

Siku za kwanza mtoto atalalamika kwamba sasa anajua kidogo kuliko zamani. Mzazi asitishike, na asimruhusu arudie mistari ya rangi. Anachokiona sasa ni kile kile alichokuwa hajui tangu mwanzo. Mzazi asiyesoma Kiingereza pia anaweza kusimamia zoezi hili vizuri: ashike yeye daftari, amwambie mtoto amsimulie alichosoma jana, na atazame kama maneno yanatoka au macho yanalitafuta daftari. Yule bibi wa Kibosho alilifanya kila jioni akiwa jikoni, na alilifanya kwa umakini kuliko walimu wengi ninaowafahamu.

Anaeleza vizuri kwa mdomo, lakini karatasi inarudi na alama za chini

Jaribio ni rahisi. Mwambie aeleze mada kwa Kiswahili, au hata kwa Kichagga kama ndiyo lugha ya nyumbani. Akieleza kwa mpangilio, akatoa na mfano wake mwenyewe, basi somo analijua na kikwazo ni lugha. Asipoweza kueleza kwa lugha yoyote, rudi kwenye dalili ya kwanza.

Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili miaka saba, kisha anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta Hisabati, Kemia na Jiografia zote kwa Kiingereza. Wengi huokoka kwa kukariri sentensi za ubaoni kama zilivyo, na njia hiyo huwafikisha mpaka siku swali litakapoulizwa kwa maneno mengine. Hapo ndipo unakuta mwanafunzi aliyetakiwa kutofautisha ametaja, na aliyetakiwa kutoa sababu ameandika fasili, ingawa kichwani jibu sahihi lilikuwepo.

Likizoni afungue daftari dogo la maneno lenye safu tatu: neno la Kiingereza kama lilivyo kitabuni, maana yake kwa Kiswahili chake mwenyewe, na sentensi moja ya Kiingereza aliyoitunga yeye, asiyoinakili popote. Maneno manane kwa siku yanatosha, na mengi yakiwa yale ya amri katika maswali, yaani yanayomtaka ataje, aeleze, afafanue, alinganishe, atofautishe au athibitishe, kwa kuwa hayo hukutana nayo katika kila somo. Kisha achukue swali moja la mtihani uliopita, aseme kwa sauti na kwa Kiswahili linataka nini na linataka hoja ngapi, ndipo aandike jibu kwa Kiingereza. Vijitabu vya mitihani iliyopita vinauzwa madukani mjini, vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana katika maktaba mtandao yake, na Maktaba ya Mkoa iliyopo hapa Moshi ina meza, mwanga na utulivu ambao nyumba nyingi za mitaa kama Majengo au Pasua haziwezi kuutoa saa za mchana.

Wapo walimu wenzangu wanaomkataza mwanafunzi kabisa kutumia Kiswahili anapojisomea, na kwa hili sikubaliani nao. Mtoto hufikiri kwa lugha aliyonayo. Ukimnyima lugha hiyo wakati wa kuelewa, hatapata Kiingereza kwa nguvu. Atapata ukimya, na ukimya huo tunauona darasani kila siku. Kiingereza kije kwenye kuandika jibu, na kije kila siku, hata kama ni sentensi tatu tu.

Hisabati anaiweza nyumbani, kwenye mtihani inamkataa

Tazama daftari lake la mazoezi. Ukikuta maswali ishirini ya logarithimu yakifuatana, kisha ishirini ya milinganyo, chanzo umekipata. Swali la pili lilipofanana na la kwanza, hakuhitaji tena kuamua atumie njia gani, na kuamua njia ndiko nusu ya kazi ya mtihani. Aandike maswali ya mada tano au sita kwenye vikaratasi, avikunje, avitie kwenye kopo, na kila siku achomoe vitano. Kabla ya kukokotoa chochote aandike kwa mstari mmoja hili ni swali la aina gani na kwa nini. Maswali aliyoyakosa yarudi kwenye kopo.

Ratiba inakufa siku ya tatu

Mtoto anarudi kutoka bwenini na ratiba nzuri iliyopigwa mistari kwa rula: saa kumi na moja alfajiri Fizikia, saa mbili asubuhi Kemia, mchana kulala, usiku prepo. Siku ya tatu ratiba bado imebandikwa ukutani na hakuna anayeitazama. Wazazi huuita uvivu. Mara nyingi ratiba yenyewe ndiyo mbovu, kwa sababu imeandikwa kwa ajili ya shule, na nyumbani kuna maisha mengine.

Juni huku mlimani ni wakati wa kuvuna maharage na kuyapura. Ng'ombe wa ndani hawajui likizo, majani yao hukatwa kila siku, na familia nyingine huyafuata mbali, tambarare, na kuyapandisha kwa kichwa au kwa pikipiki. Maji yapo ya kuchota, wadogo wapo wa kuangaliwa, na siku ya soko mama hayupo tangu asubuhi. Ratiba isiyotaja hata moja kati ya haya haiwezi kuishi. Na niseme wazi kuhusu wasichana: katika nyumba nyingi ninazozifahamu kaka hukata majani akamaliza, wakati dada hana saa ambayo kazi yake imekwisha, kwani jiko likitoka vyombo vinaingia, na vyombo vikitoka nguo zinaingia. Mzazi anayemwambia binti asome bila kumpunguzia kitu hajamwambia neno lolote.

Kwa hiyo ratiba iandikwe upya, na iandikwe na mtoto pamoja na mzazi wakiwa wameketi. Kwanza wataje kazi za nyumbani kwa saa zake halisi. Kisha watafute vipindi vitatu vya dakika arobaini, basi, na kila kimoja kifungwe kwenye jambo linalotokea kila siku hata saa ikisogea: baada ya kukamua, baada ya chai, kabla ya kwenda kufuata majani. Kipindi kipewe kazi badala ya jina la somo. "Kemia" haimwambii mtu aanzie wapi, lakini "kuchora muundo wa atomu kwa karatasi tupu na kujibu maswali mawili" inamwambia. Mzazi naye atoe sehemu yake: kazi zote za siku zitajwe asubuhi, na katika zile dakika arobaini asimwite mtoto hata kama ni kufuata chumvi dukani, kwani kila akiitwa hurudi mezani akaanza upya. Wabakize pia kipindi kimoja cha akiba kwa wiki, ili siku ya msiba au ya mgeni isiue ratiba nzima.

Kuhusu umeme kukatika jioni, dawa ni kuhamishia kusoma na kuandika mchana, na usiku kubakiza kukumbuka. Kukumbuka hakuhitaji taa. Mtoto anaweza kulala kitandani gizani akajisimulia hatua za usagaji wa chakula toka mdomoni mpaka mwisho, na asubuhi akakagua alipoteleza.

Likizo ya Desemba ina hesabu yake. Ndugu wanapopanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko kwa ajili ya Krismasi, nyumba hujaa, vyumba hugawanywa upya, na hakuna meza isiyo na watu. Kuanzia tarehe 20 hivi hadi baada ya Mwaka Mpya mtoto aachwe ale sikukuu na ndugu zake kwa moyo mweupe. Kazi ifanyike katika zile wiki mbili za mwanzo wa Desemba, na iendelee siku chache kabla ya shule kufunguliwa Januari.

Anasinzia mchana, anachangamka usiku

Wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa pendekezo mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa nane hadi kumi kwa siku. Mwanafunzi wa bweni anayeamshwa saa kumi na nusu alfajiri hafikii hapo, hivyo wiki ya kwanza ya likizo akilala kupita kiasi aachwe, ni deni analilipa. Tatizo huanza pale anapozoea kulala saa saba usiku na kuamka saa nne asubuhi, kisha anatakiwa kubadilika kwa siku moja shule inapofunguliwa. Siku saba au nane kabla ya kufungua, muda wa kulala na wa kuamka uwahishwe kwa dakika ishirini au thelathini kila siku, na akiamka atoke nje kwenye mwanga, kwa kuwa mwanga wa asubuhi ndio unaorekebisha saa ya mwili.

Simu

Kama kusoma kulikuwa kumeharibika kabla ya simu kufika, simu si chanzo, ni pa kukimbilia tu. Jaribu siku mbili ikae chumba kingine katika vipindi vyote vitatu. Akisoma vizuri, ibaki huko huko. Akiketi bila simu na bado hasomi, chanzo kitafutwe katika dalili nyingine.

Analikwepa somo moja tu, au kichwa kinamuuma kila akifungua kitabu

Mtoto anayelikwepa somo moja huwa na pengo la nyuma kuliko mada ya sasa. Aliyeshindwa milinganyo ya Kidato cha Pili mara nyingi hazijui vizuri namba hasi na sehemu, na tuisheni inayomfundisha mada ya mwezi ujao inamwongezea tu mambo ya kutoelewa. Rudi nyuma kwenye vitabu vya miaka iliyopita mpaka ufike mahali anapojibu bila wasiwasi, na uanzie hapo, hata kama ni Darasa la Sita. Mtoto asichekwe kwa hilo na mtu yeyote wa nyumbani.

Maumivu ya kichwa ni jambo la kupimwa. Muulize kama anaona ubao vizuri akikaa nyuma, na mtazame kama anakikaribisha kitabu puani au anaruka mistari. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyeitwa mzembe miaka miwili, kumbe alikuwa akinakili daftari la jirani kwa sababu ubao ulikuwa ukungu kwake. Macho hupimwa katika hospitali, na hapa Moshi hospitali ya KCMC ina idara ya macho. Likizo ndiyo nafasi nzuri ya kwenda, kwa kuwa miwani ikihitaji kutengenezwa itakuwa tayari kabla ya shule kufunguliwa.

Na akiwa ameacha kusoma, kula vizuri na kucheza na wenzake, yote kwa wakati mmoja, weka madaftari pembeni kabisa. Huenda kuna msiba ambao haujamtoka, au kuna jambo lililompata shuleni ambalo hajapata wa kumwambia. Mtu mzima anayemwamini aketi naye, mara moja, mara mbili, bila kutaja matokeo.

Siku ya kufungua shule, kabla hajafunga sanduku, atoe zile karatasi za likizo zenye rangi mbili na achague tatu ambazo rangi ya pili imebaki nyingi hata baada ya kuzirudia mara nne. Hizo azikunje aziweke kwenye daftari la somo husika, na katika wiki ya kwanza ampelekee mwalimu wake akiwa amezungushia mahali alipokwama. Mwalimu akiletewa karatasi ya namna hiyo hahitaji kuuliza tatizo ni nini.